Maonyesho ya vitabu vya kale: kinachouzwa pale mezani ni nini hasa?

Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na baadaye akaitwa Emily Ruete, unaweza kuzisoma bure kwenye simu yako jioni hii. Ukipenda karatasi, yapo matoleo mapya ya bei ya kawaida. Pamoja na hayo, yupo mtu atakayesafiri, alipe kiingilio, asimame mbele ya kabati la kioo jijini London na kutoa fedha ambazo hatathubutu kumtajia mkewe, ili aondoke na juzuu mbili zilizochapwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, lugha ambayo pengine hata haijui.

Mtu huyo hajanunua hadithi ya Salme, maana hadithi anayo tayari. Amenunua nakala. Biashara nzima ya vitabu vya kale imesimama juu ya tofauti hiyo, na asiyeishika anaweza kuzunguka kwenye maonyesho saa tatu nzima akidhani kila aliyemo humo amerogwa.

Andiko ni moja popote lilipo. Nakala kila moja ina maisha yake. Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert iliyotolewa na Nelson mwaka 1951. Ikiwa ndani yake kuna jina la mwalimu wa shule ya kati, muhuri wa duka lililoiuza, na alama za penseli kando ya mistari iliyomshtua msomaji, basi mkononi una ushahidi wa jinsi kitabu kile kilivyosomwa Mwingereza akiwa bado anatawala. Toleo lililotoka kiwandani juzi lina maneno yaleyale, ila ushahidi huo halina. Wanunuzi wa vitabu vya kale hufuata ushahidi, ingawa wengi wao wakiulizwa watasema tu kwamba "wanapenda vitabu".

Maonyesho yenyewe si jambo la kale kama vitabu vinavyouzwa humo. Chama cha wauzaji wa vitabu vya kale cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1906, lakini maonyesho yake ya London yalianza mwaka 1958. Siku hizi yanaitwa Firsts na hufanyika Saatchi Gallery, mtaa wa Chelsea. New York ilifuata mwaka 1960, na sasa maonyesho yake hukaa Park Avenue Armory, jengo la matofali lililokuwa ghala la silaha. Shirikisho la kimataifa la wauzaji hawa liliundwa Copenhagen mwaka 1948, vita vikiwa vimeisha karibuni, wakati watu wa fani moja waliotenganishwa na vita walipokuwa wanajaribu kufanya biashara tena bila kutazamana vibaya. Hayo ndiyo maonyesho ya wenye fedha. Yapo pia ya watu wa kawaida, na mimi ndiyo ninayoyapenda zaidi: kila Septemba huko York, kaskazini mwa Uingereza, mamia ya meza hupangwa ndani ya majengo ya uwanja wa mbio za farasi, na mtu mwenye paundi kumi mfukoni harudi mikono mitupu.

Mgeni huingia akiwa na woga wa jumba la makumbusho. Anatembea mikono nyuma. Woga huo hauna kazi hapa, kwa sababu vitu hivi vinauzwa, na hakuna anayenunua bila kushika. Omba tu, kabati litafunguliwa na kitabu cha mwaka 1620 utawekewa mkononi. Zile glavu nyeupe tunazoziona kwenye filamu wala hazihitajiki kwa karatasi. Maktaba ya Taifa ya Uingereza yenyewe inashauri mikono safi na mikavu, maana kidole kilichovaa kitambaa hakihisi ukingo wa ukurasa na hurarua kwa urahisi. Tegemeza majalada yote mawili, usilazimishe kitabu kilale wazi kabisa, kikombe cha kahawa kiache mbali. Basi.

Sasa angalia wazoefu wanavyokishika. Hawaanzi na maneno. Wanafungua karatasi tupu ya mwanzo, wanasoma bei iliyoandikwa kwa penseli kwenye kona, na pengine herufi chache zisizo na maana karibu yake. Herufi hizo ni siri ya muuzaji: wengi huchagua neno au fungu la maneno lenye herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ikasimama badala ya tarakimu, ili aweze kujikumbusha alikinunua kwa kiasi gani bila mteja kujua. Kisha wanahesabu. Kitabu cha zamani kilichapwa kwa karatasi kubwa iliyokunjwa mara moja, mbili, tatu au zaidi, na makunjo hayo yakashonwa pamoja. Chini ya kurasa kuna herufi ndogo zinazomwonyesha mshonaji mpangilio. Anayezifuata hugundua karatasi iliyochomolewa hata kama muuzaji mwenyewe hakuigundua. Vitabu vya safari za Afrika ndivyo vinavyoumia zaidi kwa hili. Ramani zake za kukunjwa zinapendeza ukutani, kwa hiyo kuna vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 ambavyo picha na ramani zilishatolewa zamani na kuuzwa mojamoja, kitabu kikabaki ganda.

Kinachowachanganya watu kuliko vyote ni suala la toleo la kwanza. Wengi hudhani ni swali la mwaka: ukitazama mwaka umejua. Laiti ingekuwa hivyo. Mpiga chapa hupanga herufi, huchapa nakala kadhaa, hugundua kosa, husimamisha mashine, hurekebisha, huendelea. Karatasi zenye kosa hazitupwi, kwa sababu karatasi ni gharama. Matokeo yake ni kwamba ndani ya toleo moja, la mwaka mmoja, mna nakala za mwanzo na za baadaye, na mwindaji anataka za mwanzo kabisa. Riwaya ya Kimarekani *The Great Gatsby* ya mwaka 1925 hutambuliwa kwa makosa ya namna hiyo, mojawapo likiwa ukurasa wa 205. Tena kwenye jaketi lake, ile karatasi inayofunika jalada, jina la mhusika mkuu, Jay, limeanza kwa herufi ndogo, kosa lililosahihishwa baadaye. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilichapwa mwaka 1997 nakala 500 tu za jalada gumu, sehemu kubwa zikaenda maktaba, na anayezitafuta hufungua moja kwa moja ukurasa wa 53, ambako fimbo ya uchawi imeorodheshwa mara mbili kwa bahati mbaya. Kosa lililomwaibisha mhariri siku ile ndilo linalolipiwa leo.

Mfano ninaoupenda ni wa huku kwetu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipoandika safari yake ya Somalia na Harar, kitabu kikatoka London mwaka 1856, aliweka mwishoni nyongeza kuhusu mila za mwili, akaiandika kwa Kilatini ili wanawake na vijana wa Kiingereza wasiielewe. Mchapishaji akaogopa hata Kilatini. Nyongeza ikaondolewa kabla vitabu havijajalidiwa, lakini nakala chache zikaponyoka zikiwa nayo. Leo mtu akikuta kitabu hicho mezani, kabla ya kutazama kitu kingine chochote hupeleka kidole nyuma. Anatafuta kurasa ambazo hazikutakiwa kuwepo.

Jaketi la karatasi nalo lina kituko chake. Lilitengenezwa lilinde kitabu kwenye usafiri na litupwe nyumbani, na watu walilitupa kweli. *The Great Gatsby* ya kwanza isiyo na jaketi huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Yenye jaketi zuri imewahi kufika mamia ya maelfu kwenye minada. Karatasi moja yenye picha, iliyo juu ya kitabu kilekile! Hapa mtu anaweza kusema biashara hii imepotoka, na sitabishana naye sana. Ila ona mantiki yake: kilichokuwa kingi na kikabaki kingi hakina bei, na kilichokuwa kingi kikaharibiwa na wenyewe kina bei.

Mantiki hiyo hiyo inaeleza kwa nini uzee peke yake hauna maana. Kwenye maonyesho yoyote utaona mahubiri ya karne ya 18 yaliyojalidiwa kwa ngozi yakiuzwa chini ya bei ya chakula cha mchana. Kila muuzaji pia ameshaletewa Biblia kubwa ya babu, nzito kama tofali, na amelazimika kumweleza mwenye nayo kwa upole kwamba haina mnunuzi. Vitabu hivyo viliheshimiwa, vikafungiwa kabatini, vikaishi. Vinavyokufa ni vile vinavyotumika. Kitabu cha zaburi kilichochapwa Massachusetts mwaka 1640, cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, inaaminika kilitolewa nakala zipatazo 1,700. Watu walikiimbia kanisani hadi kikachanika. Zilizobaki ni 11, na moja iliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14.

Lete jambo hilo pwani yetu. Burton aliandika pia juu ya Zanzibar, juzuu mbili, London 1872. Ni ghali, lakini si adimu kihivyo; waliolinunua walikuwa mabwana wenye maktaba, na maktaba hizo zilihifadhiwa. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 na masimulizi ya Unguja aliyoyakusanya Edward Steere mwaka 1870 navyo hujitokeza mara kwa mara. Sasa jaribu kutafuta vitabu vidogo vya kusomea ambavyo wanafunzi wa misheni walifundishiwa Unguja miaka ileile. Jaribu kupata *Msimulizi*, gazeti lililoanza kuchapwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, mwaka 1888, au matoleo ya awali ya *Mambo Leo* lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Vilipita mikono mingi ya watoto, vikaliwa na mchwa, vikalowa masika, na vilivyonusurika vikafungia karanga. Kwa hiyo kijitabu cha kurasa chache, karatasi dhaifu, bila jalada la maana, chaweza kuwa adimu kuliko Burton kwa mbali, na bado kikawa rahisi kwa bei kwa sababu aliye nyuma ya meza hasomi Kiswahili. Msomaji wa makala hii anasoma. Faida hiyo usiidharau.

Ndipo linakuja swali ambalo wauzaji wenyewe walijiuliza kwa hofu miaka ya 1990: kama vitabu vyote viko mtandaoni, nani atakwenda kusimama ukumbini? Tovuti ya kuuzia vitabu ya AbeBooks ilifunguliwa mwaka 1996 ikitokea Victoria, Kanada, na Amazon ikainunua mwaka 2008. Mara kitabu ambacho muuzaji wa mji mdogo aliapa kuwa hakijawahi kuonekana kikaonekana mara arobaini kwenye skrini moja. Bei za vitabu vya katikati zilianguka. Zile za vitabu adimu kweli zilipanda, kwa sababu sasa uadimu uliweza kuthibitishwa. Na wauzaji waligundua pia udhaifu wa kupangisha kwenye nyumba ya mtu: mwaka 2018 AbeBooks ilipotangaza kuacha kuwahudumia wauzaji wa nchi kama Korea Kusini, Hungaria na Urusi, wenzao wapatao 600 kutoka nchi 27 waliondoa vitabu vyao kwa mpigo, hadi uamuzi ukaahirishwa. Ni moja ya migomo michache ya kimataifa iliyofanikiwa ndani ya siku chache, tena iliyofanywa na watu wanaosifika kwa kutopenda kelele.

Hata hivyo maonyesho hayakufa, na sababu si mapenzi ya harufu ya karatasi kuukuu kama magazeti yanavyopenda kuandika. Mtandao hujibu swali ulilo nalo. Unaandika jina, unapewa jina. Kitu usichojua kama kipo huwezi kukiandika. Ukumbini unapita mbele ya meza ya mtu anayeuza tiba, unaona kijitabu cha Kiswahili juu ya malaria kilichoingizwa humo kwa sababu ya ugonjwa. Mwenye meza ya lugha ana sarufi iliyochapwa Göttingen. Mwenye picha ana albamu ya Zanzibar kutoka studio ya Gomes au ya ndugu wa Coutinho, imewekwa kati ya Venisi na Kairo. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika neno ambalo ungelitafuta. Jambo la pili ni kwamba maelezo ya mtandaoni huhitaji mkalimani. Katika lugha ya fani hii kitabu kinachosifiwa kuwa "kizuri" tu ni kitabu kilichochakaa; juu ya ngazi hiyo kuna nyingine kadhaa. Ana kwa ana hudanganyiki na sifa, unageuza mwenyewe mgongo wa kitabu uone kama uzi umelegea.

Jambo la tatu ndilo zito: bei ukumbini ina mtu wa kuitetea. Muulize muuzaji kwa nini hiki ni paundi 400 na kile jirani ni 40, na wengi wao watakueleza robo saa bila kukulazimisha kununua. Hilo darasa halina ada zaidi ya kiingilio.

Na kabla ya milango kufunguliwa kwa umma, biashara kubwa imeshafanyika. Wauzaji wakishapanga meza zao huzungukiana, na kwa desturi hupunguziana bei. Kitabu huweza kuhama meza mara mbili au tatu asubuhi hiyo, kila mara kikipanda. Mgeni akisikia hivyo anahisi ulanguzi. Mimi naona ni namna ya kupanga kila kitu kimfikie anayekijua. Wa kwanza alikiona kama kitabu cha dini. Wa pili alijua ni cha Afrika. Wa tatu anajua kwamba mpiga chapa alikuwa mwanafunzi wa Kiungani, na anamjua mtu wa kumpigia simu. Kinacholipiwa katika kila hatua ni kujua. Mwaka 1988 mtu mmoja aliokota kijitabu cha mashairi katika duka la vitu vikuukuu huko New Hampshire kwa dola 15. Kilikuwa *Tamerlane* cha mwaka 1827, kitabu cha kwanza cha Edgar Allan Poe, ambacho zinajulikana nakala kama dazeni moja tu. Mwaka huohuo kiliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 198,000. Waliokipita kabla yake waliona karatasi.

Wanaojua nao hudanganywa. Thomas James Wise aliheshimiwa London kama bingwa wa vitabu vya washairi wa karne ya 19, hadi mwaka 1934 wauzaji wawili vijana, John Carter na Graham Pollard, walipoonyesha kwamba vijitabu "adimu" alivyowauzia watu vilikuwa vya kughushi. Walitumia karatasi kama shahidi: baadhi ya tarehe zilizochapwa juu yake zilitangulia miaka ambayo viwanda vya Uingereza vilianza kutengeneza karatasi kwa malighafi ile. Karibuni zaidi, nakala ya kitabu cha Galileo cha mwaka 1610 yenye michoro ya mwezi ilipita mikononi mwa wauzaji wazoefu na wataalamu wa Kijerumani wakaithibitisha, kabla ya mwanahistoria Nick Wilding kuonyesha kuwa ni bandia. Ilitoka kwa Marino Massimo De Caro, mtu aliyekuwa mkurugenzi wa maktaba ya Girolamini huko Naples, na ambaye mwaka 2012 alikamatwa kwa kuiba maelfu ya vitabu vya maktaba hiyo aliyopewa ailinde. Kwa hiyo ukumbi uliojaa wataalamu hupunguza hatari, hauiondoi. Nguvu yake iko kwenye dhamana: muuzaji mwanachama analazimika kurudisha fedha kitu kikibainika si kile alichokielezea.

Kisa cha Naples kinatuleta kwenye swali ambalo Mswahili hawezi kulikwepa akiwa ukumbini. Hivi vilifikaje hapa? Kitabu kilichochapwa London na kuuzwa London hakina tatizo. Maandishi ya mkono ni kitu kingine. Krapf alipeleka Ujerumani tenzi za kale za pwani, zikahifadhiwa Halle. Angalau tunajua njia yake, na watafiti huzifikia. Lakini msahafu ulionakiliwa Siyu, kisiwani Pate, ukionekana mezani na maelezo yakaishia kwenye "mali ya familia moja ya Kiingereza", hayo si maelezo. Mkataba wa UNESCO juu ya biashara haramu ya mali za utamaduni ni wa mwaka 1970, na muuzaji makini huwa na karatasi za kueleza kitu kilitoka lini, kwa nani. Muulize waziwazi, tena kwa sauti ya kawaida inayosikika hadi meza ya pili. Asiye na la kuficha hufurahia swali hilo, maana historia ya umiliki humwongezea bei. Mimi huwa nahisi mchanganyiko wa furaha na uchungu nikiona Kiswahili cha hati za Kiarabu kikiwa na bei ya paundi. Furaha kwamba kimepona, uchungu kwamba anayeweza kukisoma pengine hawezi kukinunua.

Usiye na fedha unafanya nini basi? Kwanza acha makabati, inama. Nairobi wanaijua kazi hii. Wauzaji wa vitabu vinavyopangwa chini kando ya barabara kule wamepewa jina la "inama", kwa sababu ya kuinama kwa wateja wao. Chini ya meza za York na London kuna maboksi ya karatasi zisizo na kwao: barua, ratiba za meli za Mombasa, kadi za posta, programu za sherehe, vitabu vya shule vya ukoloni, risiti. Humo ndimo historia ya watu wa kawaida ilimotupwa, na wauzaji wengi huona afadhali kuyauza kuliko kuyabeba tena. Saa za mwisho za siku ya mwisho, bei hulegea.

Pili, sema unatafuta nini. Usiseme "Afrika", watakuonyesha Livingstone. Sema vitu vilivyochapwa kwa Kiswahili kabla ya mwaka 1950, au magazeti ya misheni, au hati za Kiarabu kutoka Lamu zenye maelezo ya zilikotoka. Watu hawa huleta ukumbini sehemu ndogo ya walichonacho; nyumbani wana ghala. Acha anwani yako ya barua pepe. Miezi minane baadaye itaingia orodha ya vitu vitatu vyenye picha zilizopigwa vibaya kwa simu, na ujumbe kwamba hajui kilichoandikwa kwenye kile cha pili, je, ungeweza kumsaidia kukisoma kabla hajakipangia bei?